Kabla ya kuisifu au kuilaumu shule ya kata, uliza walioanza walikuwa wangapi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, makundi ya wazazi ya WhatsApp hapa Mbeya na Iringa hujaa jedwali lilelile: jina la shule, asilimia ya ufaulu, basi. Shule yenye 96 inapongezwa, yenye 85 inaambiwa walimu wake wamelala. Sisi wa uthibiti ubora wa shule huulizwa sana kuhusu majedwali hayo, na jibu letu huwakera watu, maana tunaanza na swali: walioingia kidato cha kwanza walikuwa wangapi?

Tuchukue shule mbili za kubuni, kila moja imepokea wanafunzi 120. Ya kwanza imefikisha 118 kwenye mtihani, wakafaulu 100. Hiyo ni asilimia 85. Ya pili imefikisha 70 tu, wakafaulu 67, yaani asilimia 96. Kwenye jedwali la simu ya pili ndiyo bora. Lakini ukihesabu kwa walioanza, ya kwanza imewavusha asilimia 83 ya watoto wake na ya pili 56. Watoto 50 wa shule ya pili hawamo kwenye jedwali kabisa, wala hakuna anayewaulizia.

Hata huyo "aliyefaulu" inabidi umtazame vizuri. Baraza la Mitihani hupanga madaraja kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Daraja la nne huanzia pointi 26 hadi 33, na mwenye D mbili tu, au C moja, masomo mengine yote F, anaangukia 33. Kwenye asilimia anahesabiwa sawa na mwenye pointi 7. Kwa hiyo shule ikijinadi kwa ufaulu wa 95, shuka kwenye madaraja uone wenye daraja la kwanza hadi la tatu ni wangapi. Na wastani wa shule, ule unaoitwa GPA, ukiwa mdogo ndiyo nafuu. Kila mwaka wapo wanaosherehekea 4.1 wakidhani wameishinda 3.2.

Sasa turudi kwa wale 50. Katika nyanda zetu za juu mdondoko, yaani watoto kuacha shule njiani, una misimu yake. Mbarali mpunga ukianza kukomaa, watoto hupelekwa kuamia ndege, na daftari la mahudhurio linaonyesha alama za kutokuwepo mfululizo. Njombe kuna viazi, Mufindi kuna chai na mbao. Kwa wasichana kuna njia nyingine inayojulikana nchi nzima, ya kupelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani.

Halafu kuna geto. Mwanafunzi anayetoka kijiji cha mbali hupangiwa chumba karibu na shule. Jumapili jioni anashuka na unga, maharage na kifurushi cha dagaa, anajipikia mwenyewe mpaka Ijumaa. Ana miaka kumi na minne, na hakuna mtu mzima wa kumuuliza jana alilala saa ngapi. Unga ukiisha Alhamisi, anarudi nyumbani Alhamisi. Ukifungua daftari la darasa lenye wanafunzi wengi wa geto, utaona Ijumaa na Jumatatu zina matundu kuliko siku nyingine. Mwalimu wa hisabati anafundisha mada ileile mara mbili, au haifundishi tena. Kwa maoni yangu, bweni moja mahali kama hapo lina faida kuliko kambi tatu za mitihani.

Yapo na mambo ambayo mtoto anakuja nayo kabla hajashika kalamu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, wakati wastani wa taifa ni 30. Na huu ni mkoa unaolisha mingine! Ule wa VVU wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, taifa likiwa 4.4. Ndiyo maana si ajabu kukuta hapa darasa lenye watoto kadhaa wanaolelewa na bibi.

Ruzuku ya serikali haiangalii hayo. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, kiwango cha sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, awe anaishi jirani na shule au anajipikia geto. Fedha inahesabu vichwa.

Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, na nililiunga mkono. Jijini Mbeya tunayo St. Francis Girls, iliyowahi kuongoza taifa, na sifa zake ni halali. Ila shule inayochagua wanafunzi wake kwa usaili haipimwi kwa rula moja na shule ya kata, inayompokea kila aliyepata walau 121 kati ya 300 darasa la saba.

Mzazi anayetaka picha kamili afungue ukurasa wa shule kwenye tovuti ya Baraza. Pale kuna kijedwali cha madaraja kilichogawa wasichana na wavulana. Mstari wa wasichana ausome peke yake, miaka mitatu mfululizo. Kisha kwenye kikao cha wazazi aombe hesabu ya kundi lile tangu kidato cha kwanza: walioingia, waliohamia, waliohama, walioacha, kwa jinsi.

Hesabu hiyo nayo ina mtego. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu aliyekatisha masomo, akiwemo msichana aliyejifungua, kurudi shule. Aliyeondoka akiwa kidato cha pili akarudi baadaye hatafanya mtihani na wenzake. Kwenye kundi lake la mwanzo ataonekana mdondoko, kwenye kundi jipya ataonekana mgeni, na shule iliyohangaika kumrudisha haipati alama popote. Mwulizeni mwalimu wa taaluma wanafunzi wa namna hiyo anawaandika wapi. Kama hawaandiki popote, aanze muhula huu kuwawekea safu yao.