Zinki ya boti na fatwa zake

Boti ikipandishwa mchangani kupakwa rangi, iwe Shela au Mokowe, hakosi mtu wa kuitolea fatwa ile zinki iliyofungwa kwenye mguu wa mashine ili iuepushe mguu kuliwa na maji ya bahari. Wanafunzi wa kidato cha nne nao wana fatwa zao kuhusu hayo hayo. Tuzipitie.

"Zinki imeliwa, basi ni feki." Kuliwa ndiyo kazi yake. Inaachia elektroni, zinapita kwenye metali yenyewe, na alumini ya mguu inasalimika. Ya kutilia shaka ni ile iliyokaa majini miezi na bado nzima: pengine haikugusana sawasawa na metali, au fundi wa rangi aliipitishia brashi ili boti ipendeze. Zinki iliyopakwa rangi hailindi kitu.

"Kila metali ina volti zake." Hakuna mita inayopima elektrodi moja (metali ndani ya maji yenye ioni zake, yaani chembe zake zenye chaji) peke yake, kila mita ina waya mbili. Ni kama kina cha maji kwenye ramani ya bahari, lazima pawe na alama ya kuanzia. Hapa alama ni elektrodi ya hidrojeni, iliyopewa 0 kwa makubaliano tu. Zinki ikawa volti −0.76, shaba +0.34.

"Jedwali limesema yote." Hili ndilo linalowapotosha hata waliosoma. Jedwali la volti hizo, ziitwazo potenshali, linaipa alumini −1.66, chini kabisa ya zinki. Kwa hesabu hiyo mguu wa mashine ungeliwa wenyewe ili kuilinda zinki! Baharini huwa kinyume, kwa sababu alumini hujivika utando mwembamba wa oksaidi mara tu inapokutana na hewa au maji, na potenshali yake halisi hupanda juu ya ile ya zinki. Namba za jedwali ni za metali tupu, kwenye mchanganyiko wa ioni wa mola 1 kwa lita, nyuzi 25. Tena zinaeleza mmenyuko unaelekea wapi. Kasi yake hazijui.

"Msawazo ni kusimama kwa kila kitu." Atomi zinaendelea kutoka kwenye metali kama ioni, na ioni kurudi, ila kwa kasi sawa. Chukua seli ya Daniell, betri ya 1836, zinki na shaba, volti 1.10. Ikitumika, ioni za zinki huongezeka, za shaba hupungua, na volti hushuka kwa kanuni aliyoitoa mwanakemia Nernst mwaka 1889, mpaka 0. Hapo ndipo msawazo: kwa kila ioni ya shaba, za zinki ni 1 yenye sifuri 37 nyuma yake. Wengi huandika kwamba potenshali sanifu, ile inayohesabiwa kwa namba za jedwali, nayo imekuwa 0. Hapana, ile inabaki 1.10 vile vile.

Zinki ya boti haifiki kwenye msawazo huo. Bahari inazichukua ioni zake na kuleta oksijeni mpya kila saa, kwa hivyo itaendelea kuliwa hadi ibaki boliti. Ibadilishe ikifika nusu.