Dawa ya chumvi na umeme si maji ya chumvi tu

Katika jikoni za kambi za wakimbizi kama Nakivale, Uganda, wengi huamini kuwa dawa ya kusafishia meza inayotengenezwa papo hapo kwa chumvi na umeme ni maji ya chumvi tu, kwa kuwa hainuki sana. Ukweli ni kwamba umeme hugeuza sehemu ya chumvi kuwa hipokloriti (aina ya klorini), kiua vijidudu kilekile kilichomo kwenye jiki, ila kwa kiasi kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1.

Pua haipimi. Chovya karatasi ya kupimia klorini, ulinganishe rangi: kwa meza ya chakula, miligramu 50 hadi 200 kwa lita zinatosha. Lakini mabaki ya posho (ugali) na maharagwe huimaliza klorini upesi, kwa hiyo, tafadhali, sabuni kwanza. Na dawa isikae juani.