Je, Wajua Kwa Nini Kisu cha Upasuaji Chenye Wembe wa Kuchomoka Kinaweza Kunyimwa Hataza?

Mnoa visu wa mtaani kwetu Majengo, hapa Mombasa, huja na baiskeli aliyoigeuza mashine. Akishaiegemeza, hukanyaga pedali na jiwe la kunolea likazunguka. Wateja wake wakubwa ni wauza samaki, na akina mama wenye mbuzi za kukunia nazi zilizoisha meno. Siku moja mpwa wangu, ambaye ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, alimkuta barazani kwangu akinoa, akamtania: "Baba, sisi kazini hatunoi. Twachomoa wembe, twautupa, twatia mwengine."

Mzee akasimamisha jiwe. "Basi mimi nikiunda kisu cha samaki cha namna hiyo, makali yatoke na mpini ubaki, serikali itaniandikia kiwe changu peke yangu?"

Kwa hilo tu, hapana. Hata hivyo, maombi ya hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya alichokivumbua, za visu vya upasuaji vyenye nyembe za kubadilishwa bado yanawasilishwa hadi leo, na mengine yanakubaliwa. Ukitaka kujua anayekubaliwa ana nini ambacho mwenzake hana, tazama pale wembe unaposhikana na mpini.

Zamani kisu cha upasuaji kilikuwa kipande kimoja cha chuma, mpini na makali pamoja. Kikipoteza makali kilinolewa, kama kisu cha jikoni. Ilipokuja desturi ya kuvitakasa vyombo kwa moto na mvuke, taabu ikazidi, maana joto na unyevu huyala makali membamba ya chuma. Mwaka 1904 King Camp Gillette alipata hataza Marekani kwa mashine ya kunyolea yenye wembe mwembamba wa kutupwa. Ilipofika 1915, Morgan Parker, naye Mmarekani, akapata hataza ya kisu cha upasuaji cha vipande viwili. Nyembe nyingi anazozishika mpwa wangu leo hushika mpini kwa namna inayotokana na kisu hicho.

Angalia mshikano huo unavyofanya kazi. Wembe una tundu refu katikati, pana upande wa nyuma na jembamba upande wa mbele, mfano wa tundu la ufunguo. Ncha ya mpini ina ulimi wenye mfuo kila upande. Unaupitisha ulimi kwenye sehemu pana ya tundu, unausukuma wembe nyuma, kingo za tundu zinaingia mifuoni. Wembe ni mwembamba, kwa hiyo unapinda kidogo unapopanda juu ya ulimi, kisha kisigino chake kinaanguka kwenye ngazi iliyochongwa kwenye mpini na kujifunga chenyewe. Unasikia "tak". Hakuna skrubu wala springi. Unyumbukaji wa wembe wenyewe ndio kufuli. Mimi naona ni moja ya kazi safi kabisa za ufundi wa karne iliyopita, na ajabu yake ni kwamba haina kitu ndani.

Kutokana na hapo zikaja namba. Mpini namba 3 huchukua nyembe namba 10, 11, 12 na 15. Mpini namba 4 huchukua namba 20 hadi 25, ambazo ni kubwa zaidi. Namba 11 ina ncha kali ya kudungia, namba 15 ni ndogo ya kazi za uangalifu. Vipimo vya sehemu zinazoshikana vikawekewa kiwango cha kimataifa, ISO 7740, mwaka 1985, ndiyo maana wembe wa kiwanda kimoja huingia kwenye mpini wa kiwanda kingine.

Sasa mtu anakuja na ombi lake. Kwa Kenya ofisi ni KIPI, taasisi ya Nairobi inayosimamia hataza chini ya Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001. Ukitaka ombi moja lifike nchi kadhaa za Afrika, kuna ARIPO, shirika la kikanda la mali ya viwandani, kule Harare. Ombi likishawasilishwa KIPI, mwenyewe ana miaka 3 ya kuomba lichunguzwe kwa kina. Asipoomba, limekufa.

Mchunguzi wa hataza hatafuti kama kisu chako ni kizuri. Hilo huwashangaza wavumbuzi wengi, wanaofika wamebeba barua za kusifiwa. Yeye anauliza mambo matatu: kitu hiki ni kipya? Kina hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingekifikia kwa kufuata njia aliyokwisha kuijua? Na kinaweza kutengenezwa au kutumika viwandani? La tatu kwa kisu halina mjadala, tulipite. Kuna mpaka mmoja tu wa kuuangalia: sheria ya Kenya haitoi hataza kwa njia ya kumtibu au kumpasua mtu, ila inaruhusu hataza kwa vyombo vinavyotumika katika kazi hiyo. Yaani daktari hawezi kumiliki namna ya kukata. Kisu chaweza kumilikiwa.

Kitu cha kwanza anachokisoma kwa jicho kali ni madai, zile sentensi za mwisho wa ombi zinazochora mpaka wa unachokitaka. Kama ni shamba, madai ndiyo miti ya mpakani. Maelezo na michoro yote iliyotangulia ni mazao tu. Tuunde ombi la mfano. Dai la 1 linasema: "Kisu cha upasuaji chenye mpini na wembe, ambapo wembe waweza kutolewa." Mchunguzi hahitaji hata kikombe cha chai. Hati ya Parker ya 1915 peke yake ina kila kilichotajwa humo, na hati moja yenye kila kitu inatosha kuonyesha kwamba dai si jipya. Haijalishi ilichapishwa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, wala haijalishi kwamba mwombaji hakuwahi kuisikia. Hataza ya Parker yenyewe ilikwisha muda zamani. Leo muda wa hataza Kenya ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Lakini karatasi yake haizeeki. Mtu yeyote ana ruhusa ya kukiunda kisu kile, na hakuna awezaye kukidai tena.

Mwombaji mjanja atasema: haya, wa kwangu si wa Parker. Mimi nimechukua kifaa fulani cha kukatia ambacho wembe wake umechomelewa, nikaufanya utoke. Hapo hakuna hati moja yenye kila kitu, kwa hiyo upya anao. Sasa linakuja swali la pili, na hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Chukua mbuzi ya nazi. Chuma chake chenye meno kimegongomewa kwenye ubao. Mtu anakuja na mbuzi ileile, ila chuma kinachomoka ili kipelekwe kwa mnoaji bila kubeba kigoda kizima. Inafaa? Sana. Ni uvumbuzi? Fundi seremala yeyote wa Mwembe Tayari ukimwambia "nataka kitoke", atakukatia mfuo na kukuwekea kabari kabla adhana ya alasiri haijasikika. Hitaji lilikuwa wazi, na jibu lilikuwa wazi.

Marekani kuna kesi maarufu ya jambo hilihili, nayo haihusu kisu hata kidogo. Ni kesi ya Dulberg ya 1961, kuhusu kibweta cha rangi ya midomo. Kibweta kilichokuwepo kilikuwa na kifuniko kilichobanwa kisitoke kwa mkono. Dulberg alitaka hataza ya kifuniko kinachotoka. Mahakama ikasema kwamba kama kuna sababu yoyote ya kutaka kufika upande ule wa kibweta, basi kukifanya kifuniko kitoke ni jambo lililo wazi. Wachunguzi wa Marekani huitaja kesi hiyo hadi leo wakikutana na dai ambalo jipya lake ni "sasa kinachomoka" tu. Anayeomba hataza ya wembe wa kubadilishwa asishangae kujibiwa kwa rangi ya midomo.

Turudi kwa ombi letu. Mwombaji analibana dai lake: mpini uwe na kibonyezo, na ndani yake wenzo unaoinua kisigino cha wembe na kuusukuma mbele, wembe uanguke kwenye sanduku bila kuguswa. Sasa tuna mazungumzo, kwa sababu amegusa penye kidonda. Kufuli la Parker hufunga vizuri mno. Kuufungua, muuguzi hushika wembe kwa koleo, akainua kisigino na kusukuma, na ni hapo vidole vinapokatwa, wembe ukiwa na damu ya mgonjwa.

Mchunguzi anaingia kwenye kabati la dunia la hataza, ambalo limepangwa kwa alama. A61B 17/3213 ni visu vya upasuaji vyenye nyembe za kutolewa. A61B 17/3217 ni vifaa vya kuondoa au kukusanya nyembe zilizotumika. Ndiyo, tatizo la vidole lina rafu yake maalumu. Wala haishii kwenye tiba. Anavuka hadi B26B 5/00, visu vya mkono vyenye makali ya kubadilishwa, ambako atakutana na visu vya mafundi wa mazulia na vya kufungulia maboksi. Tatizo la kushika na kuachia kipande chembamba cha chuma ni lilelile, kwa hiyo fundi wa visu vya upasuaji anatarajiwa kuchungulia huko.

Tuseme anakuta kisu cha zulia chenye kibonyezo na wenzo kama ule. Je, mwombaji amekwisha? Bado. Katika Ofisi ya Hataza ya Ulaya swali haliishii kwenye kama fundi angeweza kuunganisha vitu viwili. Linauliza kama kweli angefanya hivyo, akiwa na tatizo lililo mbele yake na yale anayoyajua. Na hapa chumba cha upasuaji kina hoja ambazo duka la mazulia halina. Mpini wa kisu cha zulia una uvungu ndani. Damu ikiingia humo haitoki, na mvuke wa kutakasia haufiki kila pembe. Springi ndogo inayopikwa kwa mvuke kila siku huchoka. Na daktari anataka wembe usicheze hata kidogo, ilhali fundi zulia hajali ukicheza kidogo. Kwa hiyo fundi mwenye akili angekitazama kile kisu cha zulia na kukirudisha rafuni.

Kama mwombaji amepata njia ya kuuweka wenzo nje, wazi, uoshwe na kutakaswa, na bado wembe umekaa imara, basi aandike hayo ndani ya dai. Asiyaache kwenye maelezo. Nasisitiza kwa sababu hili ndilo kosa la kusikitisha zaidi: kitu kizuri kimekaa ukurasa wa 7 na dai limeandikwa kivivu.

Lipo na jambo la fedha. Mpini hununuliwa mara moja, nyembe hununuliwa kila siku. Mwaka 1850 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Wilson na Simpson kuhusu mashine ya kurandia mbao, ambayo visu vyake viliisha kila baada ya miezi miwili mitatu wakati mashine yenyewe ilidumu miaka. Hataza ilikuwa ya mashine nzima. Mahakama ikasema aliyeinunua kihalali ana haki ya kuweka visu vipya. Huko ni kukarabati, si kuunda mashine nyingine. Ndiyo sababu mawakili hung'ang'ania dai la wembe peke yake, mbali na mpini. Na wembe peke yake ni kipande kidogo sana cha chuma, ambacho karibu kila umbo lake limeshachorwa na mtu. Mchunguzi hupata kazi nyepesi kuuangusha, na mwombaji hurudi kwenye tundu, kisigino na mfuo kutafuta tofauti ya milimita.

Niliyaeleza haya kwa mnoa visu alipopita tena, kwa maneno machache kuliko hapa. Akanisikiliza, kisha akatoa kwenye mkoba kisu cha samaki chenye kabari ya ajabu ya pembeni aliyoikunja kwa spoki ya baiskeli, makali yanatoka kwa kidole gumba. Hata mpwa wangu alikigeuzageuza mara mbili.

Nikamuuliza amewaonyesha wangapi.

"Nusu ya soko la Kongowea washakishika. Na nilikuwa nacho kwenye maonyesho ya Mkomani."

Kwa Ulaya, kwa hiyo, mlango umefungwa: kitu kilichoonyeshwa hadharani kabla ya ombi hakihesabiwi kuwa kipya, na maonyesho ya kawaida hayasamehewi. Sheria ya Kenya ina huruma zaidi, inampa mvumbuzi miezi 12 tangu alipokionyesha mwenyewe. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole tangu maonyesho, akafika tisa, akaniuliza nauli ya treni ya Nairobi siku hizi ni kiasi gani.