Je, wajua kwa nini kitufe kimoja cha konsatina hutoa sauti mbili?

Mpenzi wa taarab Mombasa anaijua kodiani. Konsatina ni ndugu yake mdogo: ina pembe sita, hushikwa kwa viganja viwili, na vitufe viko pande zote mbili. Ikiletwa kwenye tamasha la muziki wa asili, anayeijaribu mara ya kwanza hushangaa: kidole hakijasogea, mbona sauti imebadilika?

Chini ya kila kitufe mna ndimi mbili za chuma. Ulimi ni kipande chembamba kilichokazwa ncha moja juu ya upenyo wa umbo lake, na hulia upepo ukiupitia kutoka upande mmoja tu. Basi mmoja hutazama ndani na mwingine nje, na kijingozi huziba upenyo wa ule usio na zamu. Ukisukuma mivukuto, yaani mfuko wa mikunjo ulio kati ya pande mbili, hulia huu; ukivuta, mwenzake. Konsatina ya vitufe 30 ina ndimi 60. Mtindo huu ulianza na Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, mwaka 1834. Ile ya Kiingereza, iliyobuniwa na Charles Wheatstone, nayo ina ndimi mbili kwa kitufe, ila zote za sauti ileile, ndiyo maana haimshangazi mtu.

Kwa hiyo mwalimu asianze na vidole. Aanze na upepo. Mwanafunzi akae, aegemeze upande wa kushoto pajani, autulize hapo, na mkono wa kulia ndio uende na kurudi. Kidole gumba cha kulia kiwe kwenye kitufe cha hewa, kinachofungua njia bila kutoa sauti. Asiyekizoea atafika katikati ya wimbo mivukuto imetanuka yote, na akilazimisha atachana pembe zake.

Kisha do-re-mi kwenye ile ya vitufe 30, mkono wa kulia, safu ya katikati, ukihesabu kuanzia kitufe cha sauti nzito: 1 sukuma, do. 2 vuta, re. 2 sukuma, mi. 3 vuta, fa. 3 sukuma, so. 4 vuta, la. 5 vuta, ti. 4 sukuma, do.

Hapo mwisho ndipo wengi hujikwaa. Baada ya ti kidole hutaka kusonga mbele, kumbe do iko nyuma, kwenye kitufe cha 4. Tena la na ti zote ni za kuvuta, na mkono uliokwisha kuzoea kugeuza hugeuza bure. Virudiwe hivyo vitatu peke yake, la-ti-do, mara ishirini polepole, kabla ya wimbo wowote.

Ukiungana na udi, chagueni wimbo usio na robo sauti, zile sauti zinazoangukia katikati ya vitufe viwili vinavyofuatana kwenye kinanda. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole huiteleza popote. Ulimi wa chuma umeshakatwa kwa sauti yake na hausogei.

Na upepo wa bahari hauna huruma. Chumvi hutia kutu ndimi, na kutu hubadilisha sauti. Masika mbao huvimba, zikabana fremu za ndimi, kitufe kikawa bubu au kikakwaruza. Ukimaliza kupiga, futa jasho vitufeni, irudishe kwenye sanduku lenye vipakiti vya kukausha unyevu. Usiiache garini juani: nyingi za bei nafuu ndimi zake zimeshikizwa kwa nta, na nta huyeyuka.