Mapenzi ya tamaduni mbili kwenye sinema ya Japani na Korea: yanayosemwa na yalivyo

"Mkorea na Mjapani si walewale tu? Hapo tamaduni mbili ziko wapi?"

Anza na tarehe. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945. Ukoloni ulipokwisha, Korea Kusini ikafungia filamu na muziki wa Japani, na kufuli halikuanza kulegezwa hadi Oktoba 1998, tena kwa awamu: filamu zilizotunukiwa kwenye matamasha makubwa ya kimataifa ndizo zilizotangulia kuruhusiwa. *Love Letter* ya Iwai Shunji ilitoka Japani 1995, ikafika kumbi za Seoul 1999. Kwa hiyo Mkorea anapompenda Mjapani kwenye filamu ya mwaka 2000, mtazamaji wa Seoul anamwangalia jirani ambaye sinema zake zilipigwa marufuku kwa nusu karne.

Wala si lazima mtu avuke bahari. Kwenye *GO* (2001) ya Yukisada Isao, kijana kazaliwa Japani, kakulia Japani, na Kijapani chake hakina doa. Lakini uraia wa Japani hufuata damu ya mzazi, haufuati mahali mtu alipozaliwa, hivyo kisheria yeye ni mgeni. Anajiita Sugihara, jina la Kijapani, ilhali ukoo wao ni Lee. Wakorea wengi wa Japani wana majina mawili namna hiyo, moja la ndani na moja la kutembelea mtaani. Usiku anapomwambia msichana wake ukweli, binti anakakamaa mwili mzima, kwa sababu baba yake alimlea akimwambia kuwa damu ya Wakorea na Wachina ni chafu. Mpaka dakika ile hawajawahi kugombana kwa ajili ya mila, chakula wala lugha.

"Hadithi hizi zililetwa na wimbi la tamthilia za Kikorea."

Kim Ki-young aliongoza filamu ya askari Mkorea na msichana Mjapani wa Nagoya mwaka 1961, miaka minne kabla nchi hizo mbili hazijarudisha uhusiano wa kibalozi. Nyuma zaidi, 1941, ilitengenezwa *Kimi to boku* ili kuwavuta vijana wa Kikorea waingie jeshi la Japani, na mapenzi ya Mkorea na Mjapani yakatiwa humo kuhubiri kwamba watu hawa ni "mwili mmoja". Ukishajua kuwa serikali ya kikoloni iliwahi kuyageuza mapenzi haya kuwa tangazo, ni vigumu tena kuyatazama kama pipi.

"Lugha si tatizo, maandishi ya chini yapo."

Hapa ndipo watu wanapopoteza nusu ya filamu. Chukua *Decision to Leave* (2022) ya Park Chan-wook. Seo-rae ni Mchina anayeishi Korea na kuchunguzwa na mpelelezi wa Kikorea, na Kikorea chake kakiokota kwenye tamthilia za kihistoria, kwa hiyo maneno yake yana vumbi la zamani. Akizidiwa, anaiongelesha simu Kichina, nayo inamtafsiria. Mara moja anaongea na paka, akimwomba amletee moyo wa yule mpelelezi mwema. Simu inasema *simjang*, yaani moyo ule wa nyama unaodunda kifuani. Mpelelezi anasikia kama mtu anayetaka apasuliwe kifua. Baadaye sana ndipo linapotajwa neno alilolikusudia: *maeum*, moyo wa hisia. Kiswahili kinatumia "moyo" kwa yote mawili, kwa hiyo mfasiri asipoongeza neno (moyo wa nyama, moyo wa mapenzi) mtazamaji wetu atapita hapo bila kujua kuna kilichotokea.

*Late Autumn* ya Kim Tae-yong, iliyowekwa Seattle, inaliendea jambo hilohilo kinyume. Mwanamke wa Kichina anasimulia kisa kilichompeleka jela, kwa lugha yake, mbele ya Mkorea anayejua maneno mawili tu ya Kichina: *hao*, vizuri, na *huai*, vibaya. Anayajibia hayohayo, mara nyingi yasipostahili. Mwanamke anaendelea kusema kwa sababu anajua haeleweki.

Ukitaka kufuata, sikiliza mwisho wa sentensi. Kikorea cha heshima huishia na *-yo* au *-mnida*, na siku mwisho huo ukidondoka, ama wamekaribiana ama mmoja kamdharau mwenzake. Kijapani hufanya hivyo kwa *-desu* na *-masu*, tena tega sikio kwenye majina: kutoka jina la ukoo lenye *-san* mpaka jina la kwanza tupu ni safari ndefu, na wapo wasioimaliza. *The Handmaiden* (2016) inaruka kati ya lugha hizo mbili muda wote, ndiyo maana kuna nakala zilizoweka maandishi meupe kwa Kikorea na ya njano kwa Kijapani. Itafute hiyo. Nakala zilizotafsiriwa na madijei wetu, sauti moja ya Kiswahili ikiwasemea wote, zinafaa kwa filamu za mapigano, lakini hapa zinafuta mshono wenyewe.

Halafu kuna *All Under the Moon* (1993) ya Sai Yoichi: dereva teksi wa Tokyo, Mkorea mzaliwa wa Japani, anampenda Mfilipino anayefanya kazi baa. Mfilipino huyo anaongea Kijapani cha Osaka, tena kwa kelele. Raha tupu.

"Anayeigiza Mjapani ni Mjapani."

Si lazima. Hideko wa *The Handmaiden* ni Kim Min-hee, Mkorea. Kaneko Fumiko kwenye *Park Yeol* (2017) ni Choi Hee-seo, Mkorea pia, ila yeye utotoni aliishi Osaka.

"Mwisho wake ni harusi."

Kaneko na mpenzi wake Park Yeol, Mkorea anayeipa filamu hiyo jina, walikuwa watu wa kweli. Walikamatwa baada ya tetemeko la Kanto la Septemba 1923, wakasajili ndoa wakiwa kifungoni 1926, wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Kaneko alifia gerezani Julai mwaka uleule. Park alitoka 1945.

Kwingine harusi ndiyo mwanzo, tena ya makaratasi. Mwaka 2005, ndoa zaidi ya 13 katika kila 100 zilizosajiliwa Korea Kusini zilikuwa na mwenza mgeni, lakini *Failan* ilishaligusa jambo hilo 2001, kutokana na hadithi fupi ya Mjapani Asada Jiro. Mhuni wa mjini anauza jina lake ili msichana wa Kichina apate kibali cha kuishi. Hawakutani hata siku moja. Msichana akishakufa ndipo mume anaposafiri kwenda kuchukua maiti, na barua ya marehemu ikiwa mkononi. Humo anamshukuru kwa wema wake, kwamba alikubali kumuoa.