Je, wajua mtahini anavyomtambua aliyeielewa fasihi ya Kiingereza na aliyeikariri tu?

Chukua watahiniwa wawili wa sekondari. Wote wameandika, kwa Kiingereza safi, kwamba mhusika mkuu wa tamthilia fulani anaangamizwa na tamaa yake mwenyewe. Kauli ni moja na ni sahihi. Mmoja ameisoma tamthilia yote mara mbili na kubishana juu yake na wenzake. Mwingine hajaifungua, amemeza kijitabu cha muhtasari usiku wa kuamkia mtihani. Msahihishaji hawajui kwa sura wala hana ruhusa ya kuwauliza lolote. Atawatofautishaje?

Kwa kauli hiyo peke yake, hawezi. Ndiyo maana mtihani uliotungwa vizuri hauipi uzito mkubwa. Katika mtihani wa AP (Advanced Placement, yaani masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari) wa fasihi ya Kiingereza, wanaoufanya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani, kila insha husahihishwa kwa alama 6. Hoja kuu, yaani kauli kama ile ya tamaa, ina alama 1 tu. Alama 4 ziko kwenye ushahidi kutoka katika matini na maelezo yanayoufungamanisha ushahidi huo na hoja. Alama 1 iliyobaki ni ya kina cha fikra, na si wengi wanaoipata. Aliyemeza muhtasari ataokota ile moja ya mwanzo, kisha ataanza kuhangaika.

Lakini kazi kubwa hufanyika mapema zaidi, mikononi mwa mtunga maswali. Yeye ndiye anayeamua kama kumbukumbu tupu itatosha kumvusha mtu. Tuone kwa mfano. Nimetunga kifungu kidogo. Tukichukulie kuwa kimetoka katika riwaya ya Kiingereza na hapa kimewekwa kwa Kiswahili:

"Shangazi aliipokea barua kwa mikono miwili. Aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. 'Ni habari njema,' alisema. Kisha akainuka, akafunga madirisha yote, na joto lote lile."

Swali la kwanza linaweza kuwa: nani alipokea barua? Hili linapima macho tu. Lina nafasi yake, kwa sababu huwatuliza watahiniwa na kuonyesha nani anashindwa hata na maana ya juujuu, lakini mtihani uliojaa maswali ya namna hii unapima kitu kingine, si fasihi.

Swali la pili: je, habari zilikuwa njema kweli? Hakuna neno katika kifungu linalojibu moja kwa moja. Shangazi amesema ni njema, lakini mtu mwenye habari njema hakunji karatasi mara nne na kuificha, wala hajifungii ndani wakati joto linamtoa jasho. Msomaji inabidi aone kuwa kauli na tendo havielewani, kisha aamue kipi cha kuaminiwa. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanza kuachana njia.

Swali la tatu: mwandishi anatufanyaje tusimwamini shangazi? Sasa tumeacha kumzungumzia shangazi kana kwamba ni jirani yetu, tunamzungumzia mtu aliyemtengeneza. Mwanafunzi aliyeelewa atagundua kuwa hatujaambiwa barua ilisema nini. Ataona kuwa tumepewa mikono ya shangazi badala ya uso wake, na kwamba maneno "na joto lote lile" yamewekwa mwisho ili yabaki masikioni. Asiyeelewa ataandika kuwa mwandishi ametumia kejeli, taharuki na taswira, kisha atakwenda swali linalofuata. Wasahihishaji wa fasihi, popote walipo, wanaijua orodha hiyo ya tamathali isiyofanya kazi yoyote. Kutaja jina la mbinu ni jambo linalokaririka; kueleza mbinu hiyo imefanya nini katika sentensi hii hakukaririki, kwa kuwa sentensi hii haimo kwenye kijitabu cha muhtasari.

Kuna pia swali la nne, ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko insha nyingi ndefu: badilisha "akafunga" iwe "akafungua". Nini kinabadilika katika kifungu kizima? Ghafla barua huenda ni ya furaha kweli, na kule kuikunja mara nne kunageuka kuwa kuitunza badala ya kuificha. Neno moja limehama, na maana ya sentensi zilizotangulia imehama nalo. Mwanafunzi anayeliona hilo kwa dakika mbili ameonyesha kwamba anajua matini hufanya kazi vipi. Ni swali rahisi kulitunga darasani, linasahihishika upesi, na sielewi kwa nini halitumiki mara nyingi zaidi.

Maswali ya kuchagua jibu hudharauliwa sana na walimu wa fasihi, na mara nyingi dharau hiyo ni halali. Hata hivyo AP huyapa asilimia 45 ya alama zote: maswali 55 ndani ya saa moja. Siri yake iko kwenye majibu yasiyo sahihi. Kwa kifungu chetu, jibu kwamba shangazi amefurahi litamnasa anayeamini kila neno analosomewa. Jibu kwamba anahofia mvua litamnasa yule anayeleta maelezo kutoka maishani mwake na kuyabandika kwenye matini. Mwalimu akihesabu nani kaangukia wapi, anajua si tu kwamba mwanafunzi amekosa, bali amekosea vipi. Jibu potofu la kipuuzi ambalo hakuna anayelichagua halimwambii mtu chochote.

Kwa vitabu teule, mbinu ya zamani ni dondoo: mtahiniwa anapewa mistari michache na kuulizwa nani anasema, anamwambia nani, wapi, na katika mazingira gani. Dondoo linathibitisha kuwa kitabu kimesomwa, na hilo si haba. Udhaifu wake ni kwamba linaweza kujibiwa kikamilifu bila mtu kuelewa lolote la maana. Linapata nguvu pale mtunga swali anapoongeza hatua moja: ahadi hii aliyoitoa mhusika sehemu ya kwanza, inasikikaje kwa mtu anayejua itakavyovunjwa sehemu ya mwisho? Hapo mtahiniwa analazimika kushika kitabu kizima kichwani na kukitazama kutoka ncha zote mbili.

Hata hivyo, kipimo ambacho hakikwepeki kwa kukariri ni matini ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona. Umaarufu wake unahusishwa na I. A. Richards, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Miaka ya 1920 aliwapa wanafunzi wake mashairi bila jina la mtunzi wala tarehe, akawaomba waandike wanavyoyaona, na mwaka 1929 akayachapisha majibu yao pamoja na uchambuzi wake. Mashairi yalikuwa 13. Matokeo yaliwashangaza wengi. Hawa walikuwa vijana wa chuo kikuu, wengi wao wakisomea Kiingereza, lakini walipoondolewa jina la kuegemea walipotea vibaya. Walidharau mashairi ya watunzi mashuhuri na kusifu mengine ambayo wakosoaji waliyaona duni. Richards aliorodhesha vikwazo 10 vya usomaji, na cha kwanza hakikuwa ishara wala falsafa: kilikuwa kushindwa kupata maana ya kawaida ya maneno yaliyo kwenye ukurasa. Alibaini pia kuwa wasomaji wengi huja na hisia zilizokwisha kutengenezwa, wakiona neno "mama" au "kaburi" hutoa hisia hizo tayari bila kusubiri shairi limesema nini.

Leo matini ngeni ni sehemu ya kawaida ya mitihani mikubwa. Nchini Uingereza, mtihani wa GCSE (unaofanywa na wanafunzi wa umri wa takriban miaka 16) wa fasihi ya Kiingereza uliofanyiwa mageuzi, ambao watahiniwa wa kwanza waliukalia mwaka 2017, unadai tamthilia ya Shakespeare, riwaya ya karne ya 19, ushairi, na kazi ya nathari au tamthilia iliyoandikwa kuanzia 1914, kisha unaongeza ushairi ambao hawajauona darasani. Mageuzi hayo hayo yaliwaondolea wanafunzi wa England vitabu ndani ya chumba cha mtihani. Mjadala juu ya hilo haujaisha. Wanaounga mkono wanasema mtu anayekijua kitabu hahitaji kukifungua. Wapinzani wanajibu kuwa wiki za mwisho za masomo zinaishia kwenye kukariri nukuu. Mimi niko upande wa wapinzani, ingawa si kwa moyo wote: nimeona insha zilizoandikwa kitabu kikiwa mezani, na nyingi zilikuwa nukuu ndefu zilizonakiliwa, na uchambuzi mwembamba katikati yake.

Tuseme sasa maswali ni mazuri na majibu yameandikwa. Je, wasahihishaji wawili watakubaliana? Mwaka 1912 Daniel Starch na Edward Elliott, watafiti wa Marekani, walituma nakala za majibu ya Kiingereza ya wanafunzi wa sekondari kwa shule nyingi na kupokea usahihishaji wa walimu 142. Jibu moja lilipata alama kuanzia 64 hadi 98. La pili lilipata kuanzia 50 hadi 97. Karatasi ileile, maneno yaleyale. Kabla mwalimu wa hisabati hajacheka, mwaka uliofuata walirudia zoezi kwa karatasi ya jiometri, na tofauti ikawa kubwa zaidi: kutoka chini ya 30 hadi zaidi ya 90.

Utafiti wa Paul Diederich na wenzake, uliotolewa mwaka 1961, ulienda mbali zaidi. Insha 300 zilisomwa na wasomaji 53 kutoka taaluma tofauti, wakizipanga katika madaraja 9 bila kupewa mwongozo. Asilimia 94 ya insha zilipata angalau madaraja 7 tofauti. Walipochunguza sababu, waligundua kuwa wasomaji hawakuwa wazembe. Kila kundi lilikuwa likitafuta kitu chake: wengine mawazo, wengine mpangilio, wengine usahihi wa lugha, wengine uteuzi wa maneno, wengine ladha ya mwandishi mwenyewe.

Dawa iliyozoeleka ni mwongozo wa usahihishaji unaoeleza sifa za kila ngazi, pamoja na kikao ambacho wasahihishaji wote wanapitia majibu yaleyale ya mfano hadi wazoee kipimo kimoja. Usahihishaji unapofanyika kwenye kompyuta, majibu ambayo alama zake zimekwisha kukubaliwa na wakuu huchanganywa kimyakimya na mengine. Anayekwenda kombo mara kwa mara husimamishwa. Haya yamepunguza pengo lakini hayajalifuta. Dawa nyingine inatokana na wazo la mwanasaikolojia Louis Thurstone la mwaka 1927: binadamu ni dhaifu katika kukipa kitu kimoja alama, lakini ni hodari katika kulinganisha viwili. Basi msahihishaji hapewi insha moja na kuambiwa aipe alama, anapewa mbili na kuulizwa ipi bora. Majaji wengi wakifanya hivyo mara nyingi, kompyuta hupanga insha zote kwa mfuatano. Utaratibu huu unafanya kazi vizuri kwa insha, ila mwanafunzi akiuliza kwa nini amepata alama hii, hakuna wa kumjibu.

Kuna kasoro moja ambayo haiondolewi na mwongozo wala kompyuta. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 simulizi ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu waliokuwa wakiujua mchezo walielewa na kukumbuka zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo shairi la Kiingereza linalojengwa juu ya theluji inayoyeyuka, au juu ya ibada ya dini fulani, linaweza kumwangusha mtoto asiyejua mambo hayo hata kama ana jicho kali la ushairi. Watunga mitihani hujaribu kulipa fidia kwa kuweka maana ya maneno magumu chini ya kifungu. Ugumu ni kujua wapi pa kuishia, maana ukieleza kupita kiasi umeshamfanyia mtahiniwa kazi uliyotaka kuipima.

Na lugha yenyewe? Mwanafunzi anayesoma fasihi katika lugha asiyoizungumza nyumbani anaweza kuona kila kitu na kushindwa kukisema vizuri. Inafaa kujua kuwa katika GCSE niliyoitaja, usahihi wa tahajia, alama za uakifishaji na matumizi ya msamiati una asilimia 5 tu ya alama. Kusoma na kujibu kwa kurejelea matini kuna kati ya 35 na 40, na kuchambua lugha, umbo na muundo kati ya 40 na 45. Kinachobaki ni cha muktadha ulioizaa kazi. Ukiilinganisha hesabu hiyo na majaribio mengi ya darasani, ambako kila kosa la tahajia linakatwa nusu alama hadi insha yenye fikra nzuri inabaki mifupa, utaona ni somo lipi hasa linalopimwa siku hiyo.