Njoro kabla ya Egerton, na nje ya geti lake

Ukimwambia mtu unaishi Njoro, mji mdogo wa Kenya karibu na Nakuru, swali linalofuata ni uko mwaka wa ngapi. Watu hawana Njoro nyingine akilini ila ya Chuo Kikuu cha Egerton, na hapo ndipo dhana nyingi zinapoanzia.

Dhana: Mji ulizaliwa na chuo.

Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa imepitia Njoro. Mwaka 1903 Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, akapewa hapa ekari 100,000. Ng'ombe na kondoo wake walimfia kwa wingi, maana nyasi za upande ule zilipungukiwa na madini. Wamaasai walilijua hilo na walikuwa wakipaepuka, hakuna aliyewauliza. Akageukia ngano, nayo ikashambuliwa na kutu, ugonjwa wa kuvu. Hakukata tamaa: akatafuta mtaalamu wa kuchanganya mbegu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga, ambayo jina lake lipo madukani hadi leo. Mwaka 1927 kikaja kituo cha utafiti wa mbegu. Shule ya Lord Maurice Egerton ilifunguliwa 1939, ikaukuta mji umeshajua kazi yake.

Kituo kile cha mbegu kimetoa aina za ngano zenye majina ya Kongoni, Swara, Chiriku, hata Nyangumi. Nyangumi alivyopanda hadi Njoro, sijui.

Dhana: Egerton alijengea Waafrika shule.

Hapana. Ekari 740 alizotoa zilikuwa za kuwafunza vijana wa Kizungu ukulima. Kufikia 1955 shule ilikuwa chuo cha kilimo cha cheti na diploma. Mwaka 1958 aliongeza ekari 1,100 na akafariki mwaka huohuo. Ni katika kipindi hicho milango ilipofunguliwa kwa watu wa rangi zote. Chuo kikuu kamili kikawa 1987.

Dhana: Kasri lake lilijengwa kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa.

Hadithi tamu, na waongoza wageni pale Ngata, lilipo kasri, wanaipenda. Kinachojulikana ni kwamba hakuoa, hakuacha mtoto, na cheo chake kikafa naye.

Dhana: Wanafunzi wakienda nyumbani, Njoro inakufa.

Inayolala ni Njokerio, nje ya geti. Kule kila kitu kinafuata kalenda ya chuo: bedsita za kupanga, saiba ya intaneti, kibanda cha chapati na maharagwe, bodaboda. Pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, zikichelewa, daftari la madeni la mwenye duka hunenepa. Mgomo ukifunga chuo, mwenye ploti aliyejenga kwa mkopo hana pa kushika.

Lakini mji wenyewe uko kilomita kadhaa kutoka hapo, na kalenda yake ni ya mvua. Viazi vinapakiwa, maziwa yanakusanywa, ngano na mahindi yanasubiri mashine ya kuvunia. Wakulima wa huku hawajali mtihani unaanza lini.

Na kutu ile ya Delamere ilirudi. Aina mpya, Ug99, iligunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, na tangu 2005 ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro kila msimu ili ionekane ipi itastahimili. Norman Borlaug, mshindi wa Nobeli, alikuja mwenyewe kuangalia. Kwa hiyo mgeni mwenye buti za matope unayempisha barabarani huenda hajawahi kuingia geti la chuo. Ametoka Meksiko kuja kukagua majani.